Eastgate: jengo la Harare na deni lake kwa mchwa

Anayefika katikati ya jiji la Harare huambiwa kwamba Eastgate ni kichuguu cha binadamu. Sifa hiyo imelitangaza jengo duniani kote, lakini ni nusu tu ya habari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Old Mutual ilimtaka msanifu majengo Mick Pearce, mzaliwa wa Zimbabwe, achore jengo la maduka na ofisi lisilotegemea viyoyozi vya kawaida. Mitambo hiyo ilikuwa ghali na ilihitaji fedha za kigeni. Pearce, akishirikiana na wahandisi wa Arup, akageukia mchwa. Maelezo yaliyovuma wakati huo yalikuwa ya Mswisi Martin Lüscher, aliyeandika mwaka 1961 kwamba joto la kiota huipandisha hewa, hewa hiyo hupoa kwenye kuta za kichuguu kisha hushuka, na hivyo kiota hakipati joto wala baridi kupita kiasi.

Jengo lilifunguliwa mwaka 1996: safu mbili za ghorofa tisa, na katikati yake ua mrefu ulioezekwa kwa vioo. Kazi yenyewe hufanyika usiku. Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na jua likishazama baridi huingia. Hapo feni kubwa huvuta hewa ya nje na kuipitisha kwenye uwazi ulio chini ya sakafu, penye zege la meno meno ili hewa iguse sehemu kubwa zaidi. Zege hupoa hadi asubuhi. Mchana feni hupunguzwa kasi. Hewa iliyopozwa na zege hutokea chini ya madirisha, hupata joto la watu na mashine, hupanda, kisha hutolewa na dohani 48 za matofali zilizo juu ya paa.

Mwaka 2008 watafiti Scott Turner na Rupert Soar wakaja na habari nyingine: joto la kiota hufuata lile la udongo, kiangazi juu, kipupwe chini. Kichuguu kinafanya kazi kama pafu, na upepo ndio unaoisukuma hewa ndani yake.

Basi Eastgate lilifuata nadharia yenye kasoro, na bado linapoa! Linachotegemea hasa ni usiku wa Harare. Anayetaka kuliiga Dar es Salaam au Mombasa apime kwanza usiku wake: Januari, pwani hubaki karibu na nyuzi 25 hadi alfajiri, na zege halina nafasi ya kupoa. Nairobi na Arusha, zenye usiku wa baridi zaidi, zingefaidika zaidi.