Mforsadi wa Uani: Jinsi ya Kuuzalisha kwa Vijiti na Kuupandikiza

Mforsadi ni miongoni mwa miti ambayo nyumba nyingi za zamani za pwani zilikuwa nayo uani, pamoja na mkomamanga, mstafeli na mlimau. Jina lenyewe limetokana na Kiarabu, firsad. Watoto huujua kwa midomo na vidole vya zambarau, na akina mama huujua kwa madoa yasiyotoka kwenye kanzu nyeupe.

Miaka hii nyua zinapungua. Nyumba ya urithi huuzwa, warithi hugawana, gorofa hujengwa, na mti huwa wa kwanza kuangushwa. Wengi hujifariji kwamba watapanda mwingine kwa mbegu. Tatizo ni kwamba mbegu ya forsadi haimrudishi mama yake. Mche wa mbegu huchukua miaka mingi kuzaa, tunda lake huenda likawa dogo au chapwa, na mara nyingine hutokea mti dume, wenye maua lakini hauzai kabisa. Ukitaka utamu uleule, chukua sehemu ya mti uleule. Makala haya yanaeleza njia tatu: kijiti, kutoa mizizi juu ya tawi, na kupandikiza.

Aina za mforsadi

Aina inayopatikana zaidi katika Afrika Mashariki ni Morus alba, yenye asili ya Uchina, ambayo majani yake hulishwa viwavi wa hariri. Ingawa huitwa mforsadi mweupe, matunda yake yaweza kuwa meupe, mekundu au meusi. Aina hii hushika mizizi kwa urahisi. Morus nigra, wenye asili ya upande wa Uajemi, una tunda lenye ukali mtamu zaidi, lakini vijiti vyake ni vigumu kushika.

Mforsadi ni wa ukoo mmoja na mfenesi, mtini na mkuyu, ndiyo maana ukikatwa hutoa maziwa. Hata hivyo, usihangaike kuupandikiza juu ya mfenesi au mtini. Mforsadi hupandikizwa juu ya mforsadi.

Njia ya kwanza: kijiti

Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua za mwaka, kusi linapoanza kuvuma, au mwanzo wa vuli. Jua la kaskazi hukausha vijiti, labda uwe na kivuli kizuri na maji ya uhakika.

Chagua tawi lenye unene wa penseli au zaidi kidogo, ambalo ganda lake limeshageuka kahawia. Ncha ya kijani huoza. Kata vipande vya sentimita 20 hivi, kila kimoja na macho matatu au manne. Upande wa chini ukate kwa mshazari, chini kidogo ya jicho. Upande wa juu ukate sawa, sentimita moja juu ya jicho. Tofauti hiyo itakusaidia kukumbuka upi ni juu, kwani kijiti kilichopandwa kichwa chini hakina faida. Ondoa majani yote na ufute maziwa kwa kitambaa chenye maji.

Changanya udongo wa shamba, mchanga usio na chumvi na samadi iliyooza vizuri. Mchanga wa pwani usiutumie. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, kwa hiyo tumia makopo, pakiti za maziwa au madumu yaliyokatwa, mradi uyatoboe chini maji yapite. Zamisha kijiti hadi macho mawili yawe ndani ya udongo, kandamiza kwa vidole, kisha weka chini ya kivuli cha makuti. Mwagilia udongo uwe na unyevu, usiwe tope.

Baada ya wiki mbili hivi macho yataanza kuchipua. Hapa ndipo wengi hukosea. Chipukizi hizo zinakula akiba iliyomo ndani ya kijiti. Mizizi huenda bado haijatoka. Ukikihamisha wakati huo kitakufa. Ngoja miezi mitatu au minne, hadi uone mizizi kwenye matundu ya kopo. Panda vijiti kumi ukitaka miche mitano.

Njia ya pili: mizizi juu ya tawi

Kama vijiti vinakataa, tawi litoe mizizi likiwa bado mtini. Chagua tawi lenye unene wa kidole. Menya ganda kwa kuzunguka, upana wa sentimita 2 au 3, kisha kwangua ute wa kijani uliobaki juu ya mti, la sivyo kidonda kitajiziba. Zungushia usumba uliolowa, ufunge kwa plastiki na ukaze kamba juu na chini. Usumba wa makumbi yaliyofukiwa baharini una chumvi. Usuuze kwa maji baridi mara kadhaa kwanza.

Usumba usikauke. Baada ya wiki sita hadi nane mizizi huonekana. Kata chini ya fundo, punguza majani nusu, na uweke mche kivulini kwa mwezi mmoja kabla ya kuupanda.

Njia ya tatu: kupandikiza

Kupandikiza, au kubebesha kama wengine wasemavyo, kunafaa ukiwa na mche wa mbegu, mti dume, au mti wenye matunda chapwa. Mizizi inabaki ya mti wako, kichwa kinakuwa cha mti unaoutaka.

Wiki moja kabla, punguza majani ya tawi utakalolichukua ili macho yavimbe. Siku ya kazi, kata kijiti cha sentimita 10 chenye macho mawili au matatu. Mche wa chini uwe na unene ule ule. Ukate sawa, sentimita 20 hivi kutoka ardhini, na ungoje maziwa yapungue. Yakizidi huzuia kidonda kushikana. Ufute, kisha upasue katikati kwa kisu kikali kilichopitishwa motoni, kina cha sentimita 3.

Chonga mguu wa kijiti pande mbili uwe kama kabari, kwa mkato mmoja mmoja, na usiuguse kwa vidole. Uingize kwenye mpasuko. Siri yote iko hapa: utando wa kijani ulio chini ya ganda la kijiti ukutane na ule wa mche, angalau upande mmoja. Visipokutana, hakuna kitakachoshika hata ukifunga vipi. Kaza kwa ukanda wa plastiki laini, kama wa pakiti ya mkate, kisha funika kwa chupa ya maji iliyokatwa na uweke kivulini.

Jicho likifunguka baada ya wiki tatu au nne, ondoa chupa polepole. Ukanda ulegeze baada ya miezi miwili hivi, kabla haujakaba mti. Kila chipukizi inayotoka chini ya kiungo ing'oe, kwa maana hiyo ni ya mti wa zamani. Kwa mti dume mkubwa, ukate hadi urefu wa mita moja, ungoje machipukizi mapya, kisha upandikize juu ya yale yenye nguvu.

Kupanda na kutunza

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, na pale penye mwamba wa matumbawe ujaze udongo mzuri na samadi. Mizizi ya mforsadi ina nguvu na huenda mbali. Uweke mita tano au zaidi kutoka ukuta, kisima, birika na shimo la choo. Usiupande karibu na kamba ya kuanikia nguo. Aliyepanga nyumba anaweza kuutunza ndani ya ndoo ya lita 20 na kuhama nao.

Majani yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, mara nyingi sababu ni chokaa nyingi ardhini. Ongeza samadi na majani yaliyooza. Maji ya kisima yenye chumvi yachanganye na ya mvua. Mchwa hupenda vijiti vikavu, kwa hiyo ondoa vipande vya mbao karibu na miche.

Matunda hutoka kwenye machipukizi mapya. Pogoa kila mwaka baada ya mavuno na usiuache upite mita mbili na nusu, watoto wafikie na kunguru wasikutangulie. Samaki mkunje angali mbichi: umbo la mti hupatikana mwaka wa kwanza na wa pili. Majani unayoyakata wape mbuzi au sungura.

Mti unaokaribia kukatwa

Kama mti wa familia yenu utaangushwa wiki hii, usingoje msimu. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba, kata vijiti ishirini au thelathini, vifunge kwa kitambaa kibichi na uviweke kivulini. Vitavumilia siku moja au mbili. Vikishika, usibaki navyo vyote. Mpe shangazi Malindi, ndugu Kwale, jirani wa mtaa wa pili. Mti ulio katika nyua tatu haupotei kwa kuuzwa nyumba moja.