Uvimbe wa Taya na Mwinuko wa Usambara

Anayepanda basi Mombo kwenda Lushoto husafiri kilomita 33 tu, lakini ni kama amehama nchi. Mombo ni joto la tambarare na mashamba ya mpunga, na usiku chandarua hakina mjadala. Ukifika Soni unaanza kulitafuta sweta. Lushoto kwenyewe uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Wajerumani walipoujenga mji huo na kuuita Wilhelmstal hawakufuata mandhari peke yake, bali walikuwa wakiikimbia homa. Nao hawakukosea. Watafiti waliohesabu mbu wenye vimelea vya malaria katika milima hiyo, kuanzia mita 300 hadi zaidi ya mita 1,600, waliandika mwaka 2003 kwamba kutoka chini hadi juu maambukizi hupungua kwa zaidi ya mara 1,000.

Utaniuliza mbu wanaingiaje katika mazungumzo yetu ya leo, ambayo ni juu ya saratani ya watoto. Wanaingia, na historia yenyewe ilianzia hapa kwetu Afrika Mashariki.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Dk. Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, amtazame mtoto wa miaka 5. Mataya yote mawili, kulia na kushoto, yalikuwa yamevimba. Burkitt alikuwa Mwairishi, na tangu utotoni alikuwa na jicho moja tu linaloona. Baada ya majuma machache alikuwa Jinja, akatupa macho dirishani, akaona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Hapo ndipo alipoacha kuliona jambo lile kuwa la bahati mbaya ya mtoto mmoja. Mwaka 1958 akaichapisha habari hiyo, na leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake. Wazee wa Uganda wana haki ya kukumbusha kwamba Dk. Albert Cook wa Mengo alikwisha kuwaona watoto wa namna hiyo miaka mingi kabla.

Oktoba 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu la Ford, wakatoka Kampala, wakapita Kenya na Tanganyika, wakashuka hadi Afrika Kusini. Walikwenda maili 10,000 kwa muda wa wiki 10 hivi. Katika kila hospitali swali lilikuwa lilelile: uvimbe huu mmepata kuuona? Majibu yalipopangwa kwenye ramani, mpaka ukajitokeza wenyewe. Karibu na ikweta, juu ya mita 1,500, ugonjwa ulikuwa nadra mno. Kadiri walivyokwenda kusini, kwenye baridi zaidi, ndivyo mpaka huo ulivyoshuka. Ulipenda joto na mvua, yaani mahali palepale anapopapenda mbu. Kwa hiyo tambarare ya Mombo na Korogwe imo ndani ya ukanda huo, Lushoto uko pembeni kabisa, na vijiji vya juu zaidi viko nje.

Mwaka 1964, London, Anthony Epstein na wenzake walikiona kirusi kipya ndani ya chembe za uvimbe uliosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Kirusi hicho wanacho karibu watu wote duniani, wala hawaugui saratani. Malaria inayomrudia mtoto mwaka hadi mwaka ndiyo inayovuruga kinga yake na kukifungulia kirusi mlango. Tanzania nayo ilitoa mchango wake: kati ya 1977 na 1982, huko Mara Kaskazini, watoto waligawiwa vidonge vya klorokwini ili ionekane kama saratani hii itapungua. Ilipungua, ila ilikuwa imeanza kupungua kabla ya vidonge, na hivyo wataalamu wakaendelea kubishana.

Sasa tuutazame uvimbe wenyewe. Hakuna saratani nyingi zinazokua kwa kasi kama hii. Chembe zake huweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Kitu kinachokua namna hiyo kinakula nini?

Swali hilo alilishika daktari mwingine wa upasuaji, safari hii wa watoto, huko Boston, Marekani. Judah Folkman alikuwa ameona maabara kwamba uvimbe usio na mishipa ya damu hukua hadi ukubwa wa kichwa cha pini, kisha husimama. Mwaka 1971 aliandika kwamba uvimbe hutoa ishara ya kuiita mishipa mipya iuletee chakula, na kwamba ukiizuia ishara hiyo utaufisha njaa. Wengi walimcheka. Baadaye ishara zenyewe zilipatikana, na mwaka 2004 Marekani ikaidhinisha dawa ya bevacizumab, ambayo huifunga mojawapo ya ishara hizo, kwa watu wazima wenye saratani ya utumbo mpana.

Kwa watoto mambo yamekuwa magumu zaidi. Mwili wa mtoto nao unajenga mishipa kila siku, kwani mifupa hairefuki bila damu, na dawa inayozuia mishipa ya uvimbe haichagui. Tena matokeo ya utafiti juu ya watoto wenye saratani kali za ubongo, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba kuongeza bevacizumab juu ya matibabu ya kawaida hakukuwafaidia. Faraja ilitoka upande usiotazamiwa. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza kwamba propranolol, dawa ya zamani ya shinikizo la damu na ya bei rahisi, hunywesha uvimbe wa mishipa ya damu unaowapata watoto wachanga. Huo si saratani, lakini huweza kuziba jicho au koo.

Na kuna ua moja dogo lenye petali tano, jeupe au la waridi, asili yake Madagaska. Huku pwani huota hata kwenye mchanga na watu huliruka. Wataalamu huliita Catharanthus roseus. Ndani yake zilipatikana vinblastine na vincristine. Mwaka 2000 watafiti wa Kanada waliwapa panya wenye saratani ya watoto iitwayo neuroblastoma vinblastine kidogokidogo lakini mara kwa mara, pamoja na kinga ya kuzuia ishara ya mishipa. Uvimbe ulinywea na ukakaa hivyo kwa zaidi ya miezi 6. Hao walikuwa panya, naomba tusisahau.

Vincristine, dada yake, haikungoja panya hao. Pamoja na cyclophosphamide na methotrexate, imekuwa ikiwatibu watoto wenye uvimbe wa Burkitt tangu miaka ya 1960, na Kampala ilikuwa mbele katika kazi hiyo. Katika nchi tajiri leo hupona watoto 9 kati ya 10. Huku kwetu ni nusu tu au pungufu, na sababu kubwa si kwamba dawa haijulikani. Mara nyingi dalili ya kwanza ni jino kulegea. Mzazi humpeleka mtoto akang'olewe, na lingine linalegea, naye anarudi kung'oa hilo pia. Ndipo huja mitishamba, kisha zahanati, kisha hospitali ya wilaya, kisha Bombo kule Tanga, na rufaa ya kwenda KCMC au Muhimbili, nauli ikitafutwa kila kituo. Mama wa Mombo akishakuliona jino la pili la mwanawe likilegea bila sababu na shavu limejaa, aombe mtoto achukuliwe kipande cha uvimbe kipimwe, siku hiyohiyo.