Redio Mpya, Spika za Zamani

Maneno ya leo mmekwisha kuyasikia redioni. Sasa yamepigwa chapa ili kila mmoja ayasome mwenyewe, polepole, hata kwa kufuatisha kidole kwenye mstari kama ndiyo desturi yako.

Somo letu ni la historia. Lakini leo hatusomi habari za watemi wala za vita. Tunasoma historia iliyojificha ndani ya motokaa.

Tuseme umeuza pamba yako, ukaunganisha fedha na ndugu yako, mkanunua gari lililokwisha kutumika Japani. Gari ni zima. Unawasha redio upate taarifa ya habari: unasikia mvumo tu, kama mvua juu ya bati. Unampelekea fundi. Fundi anainama, anatazama, anakuambia, "Mzee, redio hii si ya huku. Tuing'oe tuweke mpya, na spika zote nne tubadilishe." Fedha ya redio unayo. Fedha ya spika ni ile uliyoweka kwa sare na madaftari ya watoto. Je, fundi anasema kweli?

Anasema kweli nusu. Nusu nyingine si kweli, na ili uijue ni ipi inakubidi kujua vitu hivi viwili, redio na spika, vilitoka wapi.

Tuanze na spika, maana habari yake ni fupi. Mwaka 1925 mabwana wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya General Electric, walieleza namna ya kutengeneza spika iliyo bora kuliko zilizotangulia. Walichukua waya mwembamba wakauviringisha mara nyingi. Hiyo ndiyo koili. Koili wakaigandisha kwenye karatasi ngumu iliyofanyizwa kama faneli, wakaiweka katikati ya sumaku. Umeme wa redio ukipita ndani ya koili, sumaku huisukuma na kuivuta. Karatasi nayo huenda mbele na nyuma upesi sana, ikitikisa hewa, na hewa hiyo ndiyo sauti tuisikiayo.

Sasa ng'oa spika ya mlango wa gari lako uitazame. Utakuta sumaku, koili, na karatasi, au plastiki mahali pa karatasi. Karibu miaka mia moja imepita, na kazi ni ile ile. Sumaku imekuwa bora, gundi imekuwa bora, basi. Kwa hiyo spika nzima haichakai kwa sababu ya kuwa "ya zamani". Huchakaa kwa jua, kwa maji, na kwa vumbi, na vumbi letu mnalijua.

Redio yenyewe ni habari nyingine kabisa.

Mwaka 1930, katika mji wa Chicago, palikuwa na kampuni ndogo ya Galvin, na biashara ilikuwa mbaya. Paul Galvin aliwaagiza mafundi wake watie redio ndani ya motokaa yake, Studebaker. Kisha akaiendesha mpaka Atlantic City, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, kwenye mkutano wa watengenezaji wa redio. Hakuwa na banda la kuonyeshea bidhaa. Akaliegesha gari karibu na mahali pa mkutano, akafungulia sauti kubwa, watu wakaja wenyewe. Redio hiyo aliiita Motorola, na baadaye jina hilo likawa jina la kampuni. Ujerumani kampuni ya Blaupunkt ilitoa redio yake ya gari mwaka 1932.

Msifikiri ilikuwa kitu cha kuchomeka mara moja kama leo. Redio hizo zilitumia valvu, vitu vya kioo mfano wa balbu. Valvu hutaka umeme wa volti mia na zaidi, na betri ya gari ya siku zile ilikuwa na volti 6 tu. Mwanzoni watu waliweka betri nyingine za pekee kwa ajili ya redio. Baadaye kikaja kifaa kilichotetemeka na kuvuma kama nyuki, kikiukatakata umeme wa betri ili upate kupandishwa. Dereva aliyesikiliza muda mrefu huku injini imezimwa alijikuta asubuhi akilisukuma gari.

Mkombozi wake alikuwa transista. Kitu hiki kidogo kilivumbuliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell, huko Marekani. Hakihitaji volti nyingi. Hutosheka na betri ya gari ilivyo. Mwaka 1955 kampuni ya Chrysler pamoja na Philco walitangaza redio ya gari yenye transista tupu, isiyo na valvu hata moja. Mwaka 1963 Philips wakaleta kaseti, na miaka michache baadaye kaseti ikaingia kwenye dashibodi. Wengi wenu mnaikumbuka: ilinasa sauti ya harusi, ya ngoma, ya mahubiri, na dereva wa basi alikuwa nayo sanduku zima. Katika miaka ya 1980 ikaja diski. Siku hizi ni waya wa simu, au hata waya hakuna.

Mnaona basi? Redio imebadilika mara nne au tano, na spika imekaa pale pale mlangoni ikingojea.

Na matangazo nayo yalibadilika. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 likawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Miaka hiyo mtu wa Maswa alisikiliza mawimbi ya kati au mawimbi mafupi, ambayo husafiri mbali sana. Hivyo ndivyo watu walivyokusanyika kwa vikundi mwaka 1973 kusikiliza masomo ya Mtu ni Afya. Vituo vya watu binafsi vilipoanza katika miaka ya 1990, vilichukua FM. FM husikika safi, lakini haiendi mbali, na ina mahali pake kwenye redio: kwetu ni kati ya megahezi 87.5 na 108.

Japani hawakufuata mpango huo. Wao FM yao iliwekwa kati ya 76 na 90, na baadaye ikaongezwa hadi 95. Kwa hiyo redio ya kiwandani ya gari lako inasikia kipande kidogo tu cha vituo vyetu, vile vya chini kabisa. Haikuharibika, imezaliwa na masikio ya kwao. Hapo fundi alisema kweli: redio ibadilishwe. (Kuna na kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa eriali ili kushusha mawimbi, nacho ni rahisi kwa bei, ila vituo hugeuka namba na mara nyingine huingiliana. Mimi sikipendi sana.)

Upime kwanza tundu la dashibodi. Kipimo cha dunia ni upana wa milimita 180, na kimo cha 50 kwa redio nyembamba au 100 kwa redio nene. Toyota nyingi zina upana wa 200, kwa hiyo utahitaji fremu ya kuziba nafasi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi huharibikiwa. Katika magari mengi ya miaka ya 1960 na 1970, spika ilikuwa na waya mmoja tu uliotoka kwenye redio. Upande wa pili ulifungwa kwa skrubu kwenye bodi ya gari, na bodi yenyewe ikawa ndiyo njia ya kurudia umeme. Redio za namna hiyo zilitoa kama wati 6 kwa kila spika, maana volti 14 za gari linalotembea haziwezi kutoa zaidi kwa njia ile. Wahandisi wakaona: tukiisukuma koili kutoka ncha zote mbili, huku tukisukuma na huku tukivuta, tutapata nguvu zaidi ya mara tatu. Ndivyo redio za siku hizi zilivyo, nazo hutoa kama wati 20. Lakini sharti lake ni kwamba hapana ncha hata moja ya spika inayogusa bodi. Ikigusa, redio hujizima au huungua, siku ile ile uliyoinunua.

Basi ukiwa na Land Rover au Peugeot ya kale na unataka kuhifadhi spika zake, vuta nyaya mbili mpya kwa kila spika, ufungue ile skrubu ya bodi. Gari la Japani la miaka ya karibuni kwa kawaida limekwisha kuwa na nyaya mbili. Mwambie fundi asikate plagi ya kiwandani. Zinauzwa plagi za kuunganishia. Nyaya za redio mpya zina rangi zake: njano ni ya betri, nyekundu ni ya swichi, nyeusi ni ya bodi. Nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni za spika, mbili mbili, na yenye mstari mweusi ni hasi.

Fundi atakuonyesha sanduku: wati 50 mara 4. Atasema spika zako hazitastahimili. Hapa chukua kalamu. Tazama fyuzi nyuma ya redio. Nyingi zimeandikwa ampea 10. Ampea 10 mara volti 14 ni wati 140. Sanduku lasema 50 mara 4, yaani 200. Wati 60 zilizozidi zinatoka wapi? Hazitoki popote. Ni hesabu ya kuuzia. Spika za kiwandani zilizo nzima zitazibeba wati 20 za kweli, ila usifungulie sauti mpaka ikakwaruza. Mkwaruzo ule ndio unaounguza koili.

Zikague hivi. Sukuma karatasi taratibu kwa vidole: ikikwaruza ndani, au ikiwa imepasuka ukingoni, spika hiyo haifai, ibadilishwe hiyo peke yake. Fundi apime kwa mita: spika ya omu 4 husoma pungufu kidogo ya 4. Ikisoma 2 au chini, simama. Huenda gari lako lina amplifaya yake ya kiwandani mahali fulani, na redio mpya isifungwe moja kwa moja kwenye spika hizo. Mwisho, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye ncha za spika, chanya kwa chanya: karatasi itatoka nje. Spika moja ikifungwa kinyume, hii inasukuma hewa huku nyingine inavuta, na utasikia waimbaji wa bugobogobo lakini mdundo wa ngoma umepungua, kana kwamba wapigaji wamekwenda zao kunywa maji.

Kwa kazi ya darasa: mwalimu wa kikundi atafute spika moja iliyokufa kwa fundi wa karibu. Ifungueni, mwonyeshane koili, sumaku na karatasi, na kila mmoja aandike majina hayo matatu ubaoni. Kisha soma fyuzi ya redio yoyote mtakayoipata, mfanye hesabu ile tuliyofanya. Kwaherini mpaka somo lijalo.