KORA, MUSA NA MJI WA WITU



Wayahudi huigawa Torati katika visomo vya kila juma, na kisomo kimoja, Hesabu 16 hadi 18, hukiita kwa jina la Kora. Kora pamoja na wakuu 250 walimwendea Musa wakamwambia kwamba mkutano wote ni mtakatifu. Mbona yeye ajikweze? Chuoni tulizoea kumhukumu Kora upesi. Lakini neno lake lilikuwa tamu, tena lilikuwa na kweli ndani yake, na hapo ndipo penye hatari.

Visiwa vya Lamu navyo vina kisa chao. Ahmed Simba, wa ukoo wa Nabahani waliotawala Pate, alikataa enzi ya Sultani wa Unguja, akavuka bara akakaa Witu. Wengi walimkimbilia huko, hasa watumwa watoro wa mashamba ya pwani. Machoni pa Unguja wote hao walikuwa waasi. Lakini mtumwa aliyekimbia pingu, je, alimwasi nani? Mimi simweki kundi moja na Kora.

Mwaka 1885 Simba alipata ulinzi wa Wajerumani. Julai 1890 Wajerumani wakamwachia Mwingereza Witu kwa mapatano ya huko Ulaya, wala Fumo Bakari, aliyemrithi Simba, hakushirikishwa. Septemba Wajerumani kadhaa waliuawa Witu. Oktoba Admirali Fremantle alikuja na wanamaji wake, mji ukateketezwa. Fumo Bakari alifariki mapema mwaka 1891.

Kila mkubwa katika habari hii alidai kwamba mamlaka ni yake kwa haki. Basi mtazameni Musa. Aliposhtakiwa alianguka kifudifudi, kisha akamwambia Mungu kwamba hakutwaa hata punda mmoja wa watu wale. Katika wote waliogombea Witu, simwoni wa kusema neno hilo la punda. Na ghadhabu ilipowashukia watu, Musa alimtuma Haruni akimbie na chetezo, akasimama katikati ya wafu na walio hai, kwa ajili ya watu wale wale waliomnung'unikia.

Kora aliangamia. Lakini Hesabu 26:11 yasema wanawe hawakufa. Zaburi kadhaa zina jina la wana wa Kora, mojawapo ni ya 84, na humo mwimbaji hatamani kiti cha Musa wala cha Haruni. Atamani kukaa mlangoni pa nyumba ya Mungu.