Lango na Ruta: Istilahi Zilizobadilishana Kazi

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazowatatiza wafasiri wetu ni lango na ruta. Wako wanaodhani kuwa tofauti yake ni ukubwa wa chombo tu. Sisi tunaona kwamba utata huu umetoka katika historia ya Kiingereza chenyewe.

Mwezi Mei 1974 Wamarekani wawili, Vinton Cerf na Robert Kahn, walichapisha makala iliyoeleza jinsi mitandao mbalimbali ya kompyuta iwezavyo kuunganishwa. Chombo kilichosimama mpakani baina ya mtandao na mtandao walikiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya lango. Kazi yake kubwa ilikuwa kupokea kifurushi cha data, kusoma anwani kiendako, na kukivusha upande wa pili. Hiyo ndiyo kazi tuijuayo leo kuwa ya ruta. Waraka wa Itifaki ya Intaneti wa Septemba 1981 uliendelea na neno lilo hilo, na waraka wa masharti ya vyombo hivyo wa mwaka 1987 ulisema malango. Mwaka 1995 ulibatilishwa na mwingine, ambao katika kichwa chake malango yamekuwa ruta.

Kufikia wakati huo neno lango lilikwisha kupewa kazi nyingine: kuunganisha mifumo isiyotumia itifaki moja. Lango la simu, kwa mfano, hupokea sauti kutoka mtandao wa simu za kawaida na kuigeuza kuwa vifurushi vya intaneti. Ruta ni kama tarishi asiyefungua bahasha. Lango huifungua barua na kuiandika upya kwa lugha ya mpokeaji, kazi ambayo mfasiri hahitaji kuelezwa.

Hata hivyo jina la kale halikufutika. Katika mipangilio ya kompyuta za ofisini, mahali palipoandikwa lango aghalabu hutiwa anwani ya ruta.

Kwa hiyo mfasiri hana budi kutazama kwanza mwaka wa matini na kazi ya chombo. Matini ikiwa ya miaka ya 1970 au 1980, na chombo kinavusha vifurushi tu, aandike ruta. Afisa ununuzi anayefuata tafsiri isiyo makini aweza kuagiza lango akaletewa kigeuza sauti za simu, na kompyuta zake zikabaki bila njia.

Itifaki ya mwaka 1989, ambayo kwayo ruta za mitandao mikubwa huarifiana njia hadi leo, ina neno lango ndani ya jina lake. Hapo tunashauri lango libaki. Hilo ni jina la pekee, na mhandisi atalitafuta vitabuni kama lilivyo.