Wageni wa Jua: Waingereza Kusini mwa Hispania

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yafaa kuipima kwa methali hiyo historia ya Waingereza waliohamia Hispania, maana wako waliokaa huko miaka ishirini bila kulishika jembe.

Wa kwanza walikuwa wachache. Mwaka 1920 Gerald Brenan, aliyekuwa askari katika Vita Kuu ya Kwanza, alipanga nyumba katika kijiji cha Yegen, milimani kusini-mashariki ya Granada. Alikuwa na fedha kidogo na hamu kubwa ya kusoma, na maisha huko yalikuwa rahisi. Alijifunza Kihispania, akaziandika mila za wanakijiji, na mwaka 1957 akatoa kitabu chake South from Granada.

Wimbi kubwa lilikuja baada ya mwaka 1959, wakati serikali ya Jenerali Franco, iliyokuwa imeishiwa fedha za kigeni, ilipobadili siasa yake ya uchumi. Watalii wakakaribishwa. Benidorm, mji wa wavuvi, ukageuka msitu wa maghorofa, na mwaka 1967 uwanja mpya wa ndege ukafunguliwa karibu na Alicante. Waliokuja likizo wakarudi kustaafu, kwa kuwa pensheni yao ilinunua vingi zaidi huko, na jua lilikuwa la bure.

Miaka hiyo hiyo Wahispania zaidi ya milioni moja walikuwa wakiihama nchi yao kutafuta kazi Ufaransa, Ujerumani na Uswisi. Hao waliitwa wahamiaji. Mstaafu wa Kiingereza aliyekaa pwani hakuitwa hivyo, wala hakujiita hivyo. Safari zilifanana, ila mifuko ilitofautiana.

Maisha ya kila siku yalikuwa na mambo yake. Maduka mengi hufungwa adhuhuri na kufunguliwa jioni. Chakula cha mchana huliwa saa nane au saa tisa, na cha usiku saa tatu au saa nne. Wengine waliyazoea hayo. Wengine walikaa katika mitaa iliyojengwa kwa ajili ya wageni, wakisoma magazeti ya Kiingereza na kunywa katika baa za Waingereza wenzao. Kihispania chao kiliishia kwenye salamu.

Jembe la Hispania ni daftari la wakazi, liitwalo padrón, linalotunzwa na halmashauri ya mji. Fedha ambazo serikali kuu huipa halmashauri hutegemea idadi ya walioandikwa humo. Kwa hiyo mgeni asiyejiandikisha hutumia barabara na taa za mji, lakini mji haupati kitu kwa ajili yake. Kufikia mwaka 2016 Waingereza walioandikwa nchini kote walikuwa mamia ya maelfu, na wengi wengine hawakujiandikisha.

Hispania iliingia katika Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986, na tangu mwaka 1999 raia wa nchi wanachama wameweza kupiga kura katika uchaguzi wa madiwani huko. Ndipo ikaja kura ya maoni ya Uingereza ya mwaka 2016. Nchi hiyo ilijitoa tarehe 31 Januari 2020, na kipindi cha mpito kikaisha tarehe 31 Desemba mwaka huo. Aliyekuwa mkazi halali kabla ya siku hiyo alilindwa na mkataba. Aliyekuja na kuondoka kiholela alijikuta akihesabiwa siku kama mtalii: 90 katika kila siku 180. Nyumba ilikuwa yake, lakini kukaa ndani yake kukawa kwa kipimo.

Wenzetu wengi tuliosoma nao wako ng'ambo leo, na baadhi yenu mlio madarasani mtawafuata. Mtakapofika, jifunzeni lugha ya wenyeji, jiandikisheni katika daftari la mji, na lipeni kodi mnayodaiwa. Sheria za wageni hubadilika bila kumwuliza mgeni, na siku hiyo anayesikilizwa ni yule ambaye jina lake limeandikwa na jirani zake wanamjua.