Stori ya Hamilton Naki haihitaji kutiwa chumvi

Najua umeiona hii stori. Shangazi aliifowadi kwa grupu ya familia, na mimi mwenyewe nimewahi kuishea: mtunza bustani mweusi ndiye aliyepandikiza moyo wa kwanza duniani, kule Cape Town, halafu wazungu wakamficha. Inauma vizuri. Shida ni kwamba si kweli. Tarehe 3 Desemba 1967, Christiaan Barnard alipompa Louis Washkansky moyo mpya katika hospitali ya Groote Schuur, Naki hakuwa ndani ya chumba cha upasuaji. Alipofariki 2005, magazeti makubwa, hata New York Times na The Economist, yaliandika kwamba alikuwepo. Baadaye yakalazimika kujisahihisha.

Lakini usimfute bado, msee.

Naki alizaliwa 1926 kijijini Transkei. Shule aliachia miaka 14, akaenda Cape Town kusaka kazi, na Chuo Kikuu cha Cape Town kikamweka kwa bustani na viwanja vya tenisi. Miaka ya hamsini, profesa mmoja, Robert Goetz, alikuwa na swali lake: mbona twiga akiinama kunywa maji hazimii? Sasa, twiga si kuku. Mtu mmoja hawezi kumshika. Goetz akamuita Naki aje asaidie kumshikilia.

Hivyo ndivyo alivyoingia maabara. Akaanza kuosha vizimba, akafika kuwapa wanyama dawa ya usingizi, na mwishowe akawa anapasua na kushona mwenyewe. Alikuja kuwa noma kwa kupandikiza maini ya nguruwe. Hiyo si kazi ya mchezo. Ini lina mshipa unaoleta damu kutoka matumboni, mwingine kutoka moyoni, mkubwa wa kuirudisha, halafu kuna mfereji wa nyongo. Vyote vinakatwa na kuunganishwa upya, na ukizubaa, mnyama amekwenda. Barnard mwenyewe alikiri kwamba kwa ufundi wa mikono, Naki alimzidi.

Madaktari wachanga walisimama kando yake wakijifunza. Wakatoka hapo wakawa wapasuaji wa kutibu watu. Yeye, chini ya apathaidi, hangeruhusiwa kumpasua mgonjwa mzungu. Kwa makaratasi alibaki msaidizi wa maabara, na bila cheti hangepanda zaidi. Alistaafu 1991. Shahada ya heshima ya uzamili wa tiba chuo kilimpa 2003, miaka 12 baadaye.

Ndio maana ile stori ya uongo inaniudhi. Ni kama inasema miaka yote ya maabara haitoshi, lazima tumsukume kwa usiku mmoja maarufu ndio tumheshimu. Na moyo wa Washkansky haukutoka hewani. Kabla ya huyo mgonjwa kulikuwa na mbwa wengi waliofanyiwa mazoezi, na mbwa hao kuna mtu aliwalaza, akawalisha, akakesha nao.

Kabla niache chuo, tulikuwa na jamaa wa maabara. Alifika mbele ya kila mtu, akapima kemikali, na mitambo ikigoma yeye ndiye aliifungua na bisibisi yake. Lekchara alipokosa, practical ilienda tu. Majina ya malekchara bado nayakumbuka, hata wale wa kukosa darasa. Lake sikuwahi kuuliza.